Bendi yenu isife na nyimbo moja, fanyeni haya kabla hamjaachia ngoma

Vijana wa bendi hapa Unguja na Pemba, kabla hamjalipia studio kaeni kwanza mpige pamoja, miezi, mpaka mjuane. Hichi ndo walichokosa Thunderclap Newman, bendi ya Uingereza, wale wa nyimbo ya Something in the Air ya 1969. Hawakukusanyana wenyewe, alowakusanya ni Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya The Who: Speedy Keen mtunzi, anaimba na dramu anapiga yeye, Andy Newman fundi wa simu mwenye piano yake ya jazi, na Jimmy McCulloch kijana wa Scotland alokuwa na miaka 16 tu nyimbo ilipofika namba moja. Besi kapiga Townshend mwenyewe kwa jina la bandia! Isikilizeni ile piano inavoingia katikati, inatoka kabisa kwenye mwendo wa nyimbo alafu inarudi, mimi mpaka leo naipenda mno.

Basi ikakaa namba moja kule kwao wiki 3 mwezi wa 7, watu wakataka kuwaona jukwaani, na huyo Keen hawezi kukaa kwenye dramu na huku asimame mbele aimbe, ikabidi watafutwe mpiga besi na mpiga dramu mwengine. Albamu mpaka 1970, watu washahamia kwengine. 1971 bendi kwisha.

Kwa hiyo jambo la pili, muwe na nyimbo za kujaza japo saa nzima. Sisi kundi letu ngoma moja ilipigwa sana redioni, tukaitwa harusini Bububu tuna nyimbo 3, tukazirudia mpaka watu wakaondoka, iliniuma sana ile.

La tatu pesa, andikeni nani katunga na mgao ukoje, mapema, mkiwa bado hamna kitu.

Na muwe na pahala penu pa mazoezi, siku maalumu, aje asije mtu mnapiga. Ikhwani Safaa, klabu ya taarab ya hapa Unguja, wapo tangu 1905, wanachama wanaingia wengine wanatoka, klabu ipo palepale. Nendeni mkawaangalie wanavofanya mazoezi.

Ngoma ya kwanza iachieni siku ambayo ya pili na ya tatu zishamalizwa studio, zimo kwenye flashi, na mpiga besi wenu ni wenu.