Kununua ploti ya kwanza Uganda: soma karatasi, halafu soma udongo

Sisi watoto wa bareki, yaani kambi ya askari, hatukuwa na kijiji cha kurudi. Siku mzee alipostaafu tulipakia vitanda na masufuria kwenye kanta, mama akauliza tunaenda wapi sasa, mzee akasema tupange kwanza. Hiyo "kwanza" ilikula miaka 14, kwenye vile vyumba vya kupanga ambavyo Kampala wanaviita muzigo, na mkiishi watu sita ndani ya kimoja utaelewa jina lilitoka wapi. Kwa hiyo mimi nilipopata pesa ya ploti nilikuwa na haraka ya mtu anayekimbilia taksi ya mwisho, na haraka hiyo ilinila shilingi milioni 3. Hapa naandika venye ningefanya tangu mwanzo, kwa mtu anayenunua mara ya kwanza, hasa huku Kampala, Wakiso na Mukono maana ndiko ninakokujua.

Kabla hujauliza bei, uliza hii ardhi ni ya aina gani. Uganda tuna aina nne: mailo, friholdi (umiliki wa kudumu), lizi (ya kukodi kwa miaka) na ya kimila. Ukienda Gulu au Arua utakutana sana na ya kimila, huko ukoo ndio wenye usemi na ukiongea na mtu mmoja hujaongea na yeyote. Huku Buganda ni mailo, ile iliyotokana na mkataba wa 1900, na hapo ndipo wageni wanapopotea, kwa sababu juu ya kipande kimoja wanaweza kuwa na haki watu wawili: mwenye hati, hiyo tunayoita kyapa, na mwenye kibanja anayekaa pale na kulima. Wa kibanja hana hati lakini sheria ya ardhi ya 1998 inamtambua, analipa busuulu, yaani kodi ya ardhi, kwa landilodi kila mwaka, pesa kidogo tu, kijijini shilingi 5,000, ndani ya Kampala 50,000, na huwezi kumtoa bila amri ya korti.

Sasa fikiria pande zote mbili. Ukinunua hati na juu yake kuna mtu wa kibanja, umenunua karatasi, mwenzako bado yuko na migomba yake na kuku wake na wala hana mpango wa kuhama. Ukinunua kibanja, umepata udongo wa kukaa lakini jina kwenye karatasi ni la mwingine, na lazima huyo mwingine akubali. Sheria inasema wa kibanja akitaka kuuza ampe landilodi nafasi ya kwanza ya kununua, akikataa ndio wewe uingie, upelekwe utambulishwe na utoe kanzu. Hii kanzu siyo ya kuvaa Idi, ni pesa, wengi wanaihesabu asilimia 10 ya bei ila inaongeleka, ongea. Usiiruke hata kama muuzaji anakuambia landilodi yuko nje ya nchi hana shida. Na kama ardhi ni ya Kabaka, mfalme wa Buganda, ofisi yake ni Buganda Land Board pale Bulange Mengo, busuulu hailipwi kwa jamaa mwenye kitabu cha risiti chini ya mwembe.

Mimi sisemi kibanja ni kibaya. Majirani zangu wengi wako kwenye kibanja na wamesomesha watoto pale. Nasema ujue umenunua kipi, na ulipe bei ya hicho, manake mabloka, hawa madalali, wanapenda kukuonyesha kibanja kwa bei ya kyapa.

Na ndugu zetu wa Kongo, Kenya na Tanzania ambao tunabadilishana nao Kiswahili kila siku hapa mjini: kama huna uraia wa Uganda huwezi kumiliki mailo wala friholdi, unaruhusiwa lizi tu, mwisho miaka 99. Ujanja wa kuandikisha jina la shemeji mimi nimeona unaishia wapi, siku mnagombana ploti ni ya shemeji.

Haya, milioni 3. Ploti niliyoipenda ilikuwa karibu na Matugga, barabara ya Bombo. Bloka alinipokea stegi, tukapanda boda, nauli nikalipa mimi, na njia nzima alikuwa anapokea simu za "wanunuzi wengine", simu ambayo sikusikia ikiita hata mara moja. Mahali pazuri kweli, udongo mwekundu, mteremko kidogo, nguzo ya umeme iko pale pale. Nikatoa milioni 3 ya kushikilia siku ile ile. Wiki iliyofuata nikarudi na shangazi, yeye amekulia Luweero, na hakuiangalia nguzo hata kidogo, aliingia moja kwa moja kwenye migomba, akasimama, akaniita kwa sauti ya chini. Chini ya majani makavu kulikuwa na saruji, mistatili minne imezama ardhini, mmoja umepasuka na mchicha umeota kwenye ufa. Makaburi. Kwa Baganda mahali ukoo unapozika panaitwa kiggya, na palipo na kiggya pana watoto na wajukuu ambao siku moja watarudi. Shangazi akavuka kwa jirani, mama mmoja alikuwa anamenya matoke barazani, wakasalimiana kile kisalamu kirefu cha Kiganda, na kabla nusu ya matoke haijaisha tulikuwa tumejua kila kitu: mzee alishakufa, ameacha watoto saba, anayeuza ni wa tatu, wengine hawana habari. Kupiga simu kwa bloka, imezimwa. Mpaka leo.

Kwa hiyo ardhi ya marehemu usiiguse mpaka uone barua ya usimamizi wa mirathi kutoka korti, siyo mihutasari ya kikao cha ukoo wala kiapo cha mtoto mkubwa. Na kabla ya korti kutoa hiyo barua, ofisi ya Administrator General, ile ya serikali inayoshughulikia mali za marehemu, lazima iwe imetoa cheti cha kutokuwa na pingamizi. Karatasi zote mbili loya wako anaweza kuzifuatilia huko zilikotoka. Na bado uongee na warithi, hata mmoja mmoja kwa simu.

Upande wa karatasi ni rahisi kuliko watu wanavyofikiria. Kama ni mailo, muombe muuzaji nakala ya kyapa, andika kaunti, bloki na namba ya ploti, mfano Kyadondo au Busiro bloki fulani, halafu nenda ofisi ya kanda ya wizara ya ardhi inayohusika na eneo hilo, ziko Wakiso, Mukono, Kampala na kwingine. Unalipa benki pesa ndogo ya utafutaji, ofisi inakupa barua inayosema mwenye ardhi ni nani, ukubwa ni kiasi gani, kama kuna mkopo wa benki juu yake, kama kuna kaveti, yaani zuio aliloweka mtu anayedai haki. Nenda mwenyewe au mtume loya uliyemchagua wewe, siyo yule muuzaji anasema "loya wetu". Na urudie tena asubuhi ya siku ya kulipa, kwa sababu kaveti inaweza kuingia katikati wakati wewe uko bize unakusanya pesa kwa SACCO. Jina la kwenye barua lilingane na kitambulisho cha taifa cha mtu aliyekaa mbele yako, na sura pia, usione aibu kumkodolea macho.

Upande wa udongo ndio mrefu. Mlete saveya, mpima ardhi, aliyesajiliwa afungue mipaka na uwepo mwenyewe na viatu vya matope. Ploti yangu ya pili, hii ninayokaa sasa, iliuzwa kama futi 50 kwa 100 kwa milioni 24. Saveya akatembea na mashine yake, akachimba pembeni mwa luwaanyi, ule mmea wa majani marefu ambao huku unapandwa mpakani, jiwe la mpaka hakulipata pale, alilipata hatua kadhaa ndani. Jumla ikatoka futi 43 kwa 88. Piga hesabu, 5,000 dhidi ya 3,784, robo ya ploti haipo na mimi nilikuwa naenda kuilipia. Muuzaji akasema ah nyabo, ni makosa ya babu. Tukaongea mpaka jua likazama, nikanunua kwa milioni 19. Wakikuuzia kwa desimali kumbuka ekari moja ni desimali 100 na 50 kwa 100 kamili ni kama 11 na nusu, siyo 13 kama wanavyopenda kuzungusha.

Uende pia siku ya mvua. Siyo kesho yake, siku yenyewe, na mwavuli. Ukiona mafunjo, au maji yanakaa, au majirani wote wamejenga msingi mrefu ajabu, rudi nyumbani. Kinamasi hakimilikiwi, hati iliyotolewa juu yake inaweza kufutwa, na 2024 pale Lubigi NEMA, mamlaka ya mazingira, walibomoa nyumba za watu wengi tu, wengine walikuwa wamekaa miaka. Ukanda wa ukingoni usiojengwa kwenye ziwa Victoria ni mita 200, mito mikubwa mita 100, vijito mita 30. Beba kamba upime kama huamini macho. Barabara nayo ulizia kama kuna upanuzi, alama nyekundu kwenye ukuta wa jirani siyo mapambo.

Chemani wa LC1, baraza la kijiji, utamuona tu, hakuna namna. Muhuri wake haukupi umiliki, ila anajua nani anagombana na nani, na majirani waliosaini mbele yake hawatakuja kukuambia hawakuwepo. Atataka kitu, wengine wanadai asilimia kabisa ya bei, mimi niliongea naye kwa heshima nikampa ya chai na soda za majirani tukamaliza. Mwenzi wa muuzaji naye lazima akubali kwa maandishi kama ni ardhi ya familia, usiambiwe mke yuko safari. Mimi nilimsubiri yule mama siku nne atoke Masaka. Pesa lipa kwa benki, siyo kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, ndani ya gari, na piga picha kila mtu akisaini, hata yule mtoto anayechungulia dirishani.

Ukishalipa usilale. Watu wanakaa na fomu za kuhamisha kwenye droo miaka mitano, muuzaji anakufa, sasa unaanza kuwatafuta wale watoto saba. Mthamini wa serikali anatoa thamani, ndiyo inayotumika, siyo bei mliyoandika wenyewe, halafu ushuru wa stempu ni asilimia 1.5 ya hiyo, yaani ardhi ya milioni 40 ni 600,000, na unahitaji namba ya TIN ya mlipa kodi kutoka URA, mamlaka ya mapato. Weka hiyo pembeni tangu mwanzo pamoja na ya loya na saveya.

Kuhusu mkopo sitasema mengi kwa sababu nilikimbia. Riba za nyumba kwa shilingi mara nyingi ziko juu ya asilimia 15, na benki nyingi hazitaki kibanja kama dhamana, zinataka kyapa. Ukiwa na mshahara unaoeleweka, kaa na karatasi yao uhesabu jumla ya miaka yote, siyo ya mwezi. Wengi wetu tunajenga mdogo mdogo, SACCO hapa, tofali trip moja kule.

Na ukianza, anza na choo na vyumba viwili vya nyuma, uhamie. Ramani ipitishwe na ofisi ya mji wenu kwanza ndio umuite fundi. Luwaanyi yako panda wewe mwenyewe siku saveya anaweka mawe, mwite jirani wa kila upande ashike shina wakati unashindilia udongo. Wangu wa upande wa chini alikuja na jembe lake mwenyewe, tukapanda mashina kumi na moja, akaniuliza kama nitafuga nguruwe, nikamwambia hapana, akafurahi.