Kabla mtoto hajaingia mechi: swala la kichwa kugongwa

Jezi ipo, njumu zipo, maji yapo, ila kichwa kikigongwa ndo watu wanaanza kuulizana nani anaamua. Hapo mmeshachelewa, maana mechi inaendelea, kocha anataka ushindi na mtoto mwenyewe atakwambia niko fiti hata kama anaona nyotanyota. Kwahiyo kabla ya msimu chagueni mtu mmoja, ikiwezekana asiwe kocha mkuu, ambaye akisema fulani atoke anatoka, hakuna mjadala, na wazazi wamjue kwa sura.

Huyo mtu ajue anachotafuta. Mtoto akipata mtikisiko wa ubongo mara nyingi wala hazimii, na hapo ndo wengi wanadanganyika. Anainuka, anajikung'uta, anarudi kucheza, ila ukimkazia macho unaona anakimbilia upande usio wake, ukimwita anachelewa kugeuka. Muulize nani kafunga mwisho, mechi iliyopita tulicheza na nani, tulishinda? Akianza kutafuta jibu usoni kwa wenzake, imeisha hiyo. Na hata akijibu yote ila bado una wasiwasi mtoe tu, siku hiyo harudi uwanjani hata kizunguzungu kikiisha baada ya dakika 10, kwasababu ubongo ambao haujapona ukigongwa tena unaweza kuvimba ghafla. Ni nadra, lakini wanaokufa kwa hilo wengi ni vijana wadogo.

Halafu msijidanganye na helmeti. Inasaidia fuvu lisipasuke, ile plastiki ya kung'ata inasaidia meno, ila ubongo unatikisika humohumo ndani.

Simu iwe na chaji, namba ya dharura iwe imeseviwa, na ijulikane kabisa nani ana gari na hospitali ipi iko karibu. Wa kukimbizwa bila kusubiri ni anayetapika tena na tena, aliyezimia, anayepata degedege, anayeona vitu viwiliviwili, anayeishiwa nguvu mkono au mguu, au kichwa kinazidi kuuma badala ya kupungua. Akilalamika shingo msimnyanyue, mwacheni hapohapo mpaka waje wanaojua.

Nyumbani asiachwe peke yake siku hiyo, dalili zingine zinakuja baadae. Kulala alale, ila uweze kumwamsha. Dawa kama aspirini na ibuprofeni ziacheni kwanza mpaka daktari amwone. Na picha ya CT, ile ya mashine inayopiga ndani ya kichwa, ikitoka safi isiwape kiburi, inaonyesha damu na mfupa uliovunjika, mtikisiko wenyewe hauonekani pale.

Apumzike siku 1 au 2, simu na tivii apunguze, sio kufungiwa chumba chenye giza wiki nzima kama zamani, kutembea kidogo ruksa. Shule kwanza, mpira baadae, kidogokidogo, kila hatua angalau masaa 24, na kugongana mpaka daktari aruhusu. Watoto wengi wanapona ndani ya wiki 4. Uingereza mwongozo wao wa 2023 unasema hakuna mechi kabla ya siku 21, na hizo zinahesabiwa toka siku aliyogongwa, sasa nyie mtahesabu vipi kama hakuna aliyeandika tarehe? Nunueni daftari. Mtoto huyohuyo Ijumaa anachezea shule, Jumapili anachezea timu nyingine, na makocha wake hawajawahi hata kupigiana simu.