Land Cruiser inavuja juu? Ziba maungio ya paa kabla ya masika

Land Cruiser za zamani, zile zenye mfereji wa bati ukingoni mwa paa, huvuja pale paa lilipoungana na ubavu. Maungio yale yalijazwa kiwandani silanti, yaani dawa laini ya kuzibia maungio. Miaka ikipita, silanti hukauka na kupasuka, na hapa Pemba chumvi ya baharini huingia kwenye ufa ikaharakisha kutu. Kazi hii ifanye Januari au Februari, wakati wa jua la kaskazi, ili mvua za Machi zikukute umemaliza.

Hatua ya 1: Tafuta maji yanapoingilia
Tone linalomwangukia dereva gotini huenda limeingilia nyuma kabisa, likatambaa juu ya kitambaa cha dari. Kwa hiyo fungua taa ya ndani, vishikio na klipu, ushushe kitambaa. Mmoja akae ndani na tochi, mwengine amwagie maji kwa mpira, polepole, bila ya presha. Anzia chini: mpira wa kioo cha mbele, usubiri dakika kadhaa, kisha mfereji, kipande kwa kipande, mwisho paa lenyewe na matundu ya boliti, kama yapo. Ukianzia juu maji yatateremka kila pahala na hutajua lipi ndilo tundu. Kila penye unyevu tia alama ya chaki. Msihimizane hapa, kazi yote inategemea alama hizo.

Hatua ya 2: Kwangua
Toa silanti yote iliyopasuka au kubanduka, kwa kikwangulio na brashi ya waya, mpaka ulione bati. Silikoni ya madirishani usiibakishe hata kidogo: haishiki rangi, na silanti mpya haigandi juu yake. Wako mafundi wanaoipaka juu ya ufa, gari likaondoka kavu. Kazi hiyo siikubali. Maji hunasa chini yake na kutu ikala bati bila ya mwenye gari kuona.

Dunga bati kwa bisibisi. Likitoboka, lipeleke gari kwanza kwa fundi wa kuchomelea.

Hatua ya 3: Osha, kausha, praima
Piga msasa, kisha osha kwa maji ya bomba, si ya kisima chenye chumvi. Lianike gari juani mpaka maungio yakauke kabisa. Futa kwa thina, upake praima ya epoksi, yaani rangi ya chini ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo. Bati tupu likilala na umande wa usiku, kutu imeshaanza.

Hatua ya 4: Silanti
Nunua ya poliurethani, ya bodi za magari. Isukume ndani ya ufa kwa bunduki yake, ulainishe kwa kidole kilichovaa glavu. Usiujaze mfereji, maji lazima yapate njia ya kutokea. Silanti hii hukazwa na unyevu wa hewa, na aina nyingi hukaza kama milimita 3 kwa siku, basi usiihimize. Ikishakaza ipake rangi, maana jua huila.

Hatua ya 5: Jaribu tena
Mwagia maji kama mwanzo kabla hujarudisha kitambaa. Keria inayobana kwenye mfereji irudishe na vipande vya mpira chini ya miguu yake. Ikipakiwa mikungu ya ndizi hutikisika njia nzima, na chuma kitupu kitaikata silanti uliyoitia.