Kisunzi baada ya kupungua mwili: tazama saa, tazama mkao

Mimi ni mama wa miaka 53, mkaazi wa Wete, Pemba. Nashona nguo, na msimu wa karafuu ukifika nachambua karafuu kama wenzangu. Presha ninayo tangu nina miaka 44, na kila asubuhi nilikuwa nameza vidonge viwili: amlodipini na kile cha kukojoza maji. Uzito wangu ulikuwa kilo 91. Daktari akaniambia nipunguze mwili, nami nikapunguza kilo 14 ndani ya wiki 11. Sokoni watu wakanisifu. Wiki ya saba kisunzi kikanianza.

Kila niliyemweleza alinijibu lile lile: "Mwili unazoea, vumilia." Nikavumilia mpaka nikaanguka. Ndiyo sababu naandika. Kisunzi cha mtu aliyepungua kina chanzo chake, na mara nyingi chanzo hicho hurekebishika kwa siku au wiki chache. Utakijua ukitazama mambo mawili: kinakujia saa ngapi, na umekaa mkao gani kinapokuja.

Kabla ya hapo, kuna kisunzi kisichosubiri uchunguzi wa nyumbani. Kikija pamoja na mdomo kupinda, mkono au mguu mmoja kulegea, maneno kuvurugika, maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila mpango, choo cheusi kama lami, au mtu akazimia kabisa, tafuta gari uende hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Mjamzito naye asikae nacho nyumbani.

Sasa nieleze usiku nilioanguka, maana humo mna somo zima. Ilikuwa baada ya Isha. Tumekaa jamvini mimi, binti yangu na wifi yangu, karafuu mbichi zimemwagwa katikati, tunachambua: karafuu huku, makonyo kule. Nimekaa kitako kama saa moja na nusu. Ungo wangu ulipojaa nikainuka nao kwenda kumimina kwenye polo. Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili masikio yakaziba kama niliyezama, kisha kiza kikaingia kutoka pembeni kuja katikati mpaka taa ikabaki tundu dogo. Nilisikia karafuu zinamwagika kabla sijajua kuwa ni mimi niliyeuachia ungo. Bega likagonga mwimo wa mlango. Binti yangu anasema, "Mama, kaa, kaa hapo hapo chini," nami namjibu kuwa nimekaa, kumbe bado nimesimama.

Wakanilaza chali, miguu wakaiweka juu ya mto. Hazikupita dakika mbili macho yakarudi, kichwa chepesi, sina maumivu popote. Kisunzi kinachokuja ukisimama na kuondoka ukilala kimeshakwambia jina lake: presha inashuka unapoinuka.

Inatokeaje? Ukisimama, damu huteremkia miguuni na tumboni. Mwili hukaza mishipa na moyo huongeza mapigo ili kichwa kisikose damu. Kazi hiyo inataka maji na chumvi ya kutosha ndani ya mishipa, na aliyepungua kwa haraka amepoteza vyote viwili. Ile akiba ya wanga iliyo kwenye ini na misuli hukaa na maji, kiasi cha gramu 3 za maji kwa kila gramu 1 ya akiba. Ukiacha wali, boflo na muhogo kwa mpigo mmoja, akiba inaisha kwa siku chache na maji yake yanakwenda mkojoni. Insulini nayo inashuka, na ikishuka figo huachia chumvi. Zile kilo mbili tatu za mwanzo zinazotufurahisha kwenye mizani, sehemu kubwa ni maji.

Mimi juu ya hayo nilikuwa nimetoa chumvi yote chunguni, nakula mara moja kwa siku, nakunywa majani ya kupunguza mwili niliyouziwa mtaani, ambayo kazi yake kubwa ni kuharisha, na bado nameza kidonge cha kukojoza. Nina njia tatu za kutolea maji, na ya kuingizia nimeibana. Majani hayo nakuombeni muyaache. Kuharisha hakutoi mafuta mwilini. Kunatoa maji na madini ya potasiamu, na potasiamu ikipungua misuli inakamata na moyo unaweza kupiga vibaya.

Baada ya kuanguka nilichukua daftari la skuli la mjukuu wangu lililobaki kurasa, nikaandika kwa siku sita. Fanya hivi hivi. Kila kisunzi kikija, andika saa, mkao uliokuwa nao na uliotaka kuingia, ulichokula mwisho na saa uliyokula, dawa uliyomeza, na kilikaa muda gani. Yangu yalikuwa hivi:

Jumamosi, saa 11 alfajiri, natoka kitandani kwenda kutawadha, kiza, kama sekunde kumi.
Jumamosi, saa 5 asubuhi, natoka kwenye mbuzi ya kukunia nazi, nikashika ukuta.
Jumapili, saa 7 mchana, Adhuhuri, kutoka sijda kwenda rakaa ya pili.
Jumapili, saa 10, nimetoka chooni.

Mnaona? Kila mstari ni kuinuka kutoka chini. Na maisha yetu ya hapa ni ya chini: jamvi, mkeka, mbuzi, choo cha kuchutama, kufua kwenye beseni. Aliye na meza na kiti pengine asingekijua kisunzi chake mapema hivi.

Daftari hilo nikenda nalo hospitali. Miezi yote nilikuwa napimwa presha nikiwa nimekaa, naambiwa ni nzuri, narudi nyumbani. Safari hii muuguzi, kijana umri wa mwanangu wa pili, alisoma ule ukurasa akaniambia, "Bi mkubwa, lala hapo dakika tano, usizungumze." Akapima: 126 kwa 78. "Sasa simama, ushike kitanda." Dakika moja: 104 kwa 68, na kile kiza kikaanza kunijia pembeni. Dakika ya tatu: 101 kwa 66. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika tatu za kusimama, hiyo imeshuka kupita kiasi. Kwa hivyo ukenda kupimwa sema wazi: "Mwanangu, naomba unipime nimelala, kisha nimesimama." Kama una mashine nyumbani, jipime vivyo hivyo, mtu awe karibu yako.

Daktari alinieleza jambo ambalo hakuna aliyeniambia tangu mwanzo: dawa ile ilipimwa kwa mama wa kilo 91 anayekula chumvi. Mwili ukipungua, presha nayo hushuka, na dozi ya zamani inakuwa kubwa mno. Akanisimamisha kidonge cha kukojoza, akaacha amlodipini, akaagiza kipimo cha damu cha chumvi na figo, akanitaka nirudi baada ya wiki mbili. Ni yeye aliyesimamisha, na aliniambia tarehe ya kurudi. Usikate kidonge mwenyewe. Dawa nyengine, kama atenololi, ukiiacha ghafla moyo unaweza kudhurika. Anayeanza kupunguza mwili huku anameza dawa za presha au sukari amwambie daktari siku ile ile anayoanza, asingoje kuanguka.

Daftari lako likionyesha jambo jengine, chanzo ni chengine. Jirani yangu ana sukari, anameza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari. Aliacha chakula cha usiku ili apungue. Kisunzi chake kilikuwa kinakuja saa 4 asubuhi, amekaa tu barazani: jasho la baridi, mikono inatetemeka, moyo unadunda, njaa ya kutaka kula chochote. Hiyo ni sukari kushuka. Ikiwa kwenye mashine ya sukari ni chini ya 70 (mg/dL), au chini ya 3.9 kwa mashine zinazosoma kwa mmol/L, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, unywe, subiri dakika 15, upime tena. Haijapanda, rudia. Ikipanda, kula kitu cha kukaa tumboni, muhogo wa kuchemsha au kipande cha mkate wa ajemi. Kama huna mashine na dalili ndizo hizo, kunywa sukari kwanza. Kisha daktari aitazame dozi, maana chakula kimepungua na dawa haikupungua.

Kisunzi cha kutwa nzima, kikiandamana na kuhema kwenye ngazi, viganja na ndani ya kope kuwa vyeupe, kinataka kipimo cha damu. Mwanamke asiye mjamzito, himoglobini (wingi wa damu) ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, ana upungufu. Mwanamme ni chini ya 13. Mimi nilikutwa na 11.2. Nilikuwa nimeacha nyama na dagaa, nakula kachumbari na chai ya rangi, na chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Siku hizi dagaa, kunde na mtoriro nakula na ndimu, chai nainywa saa nzima baada ya chakula. Mwanamme, au mama aliyekwisha kukoma hedhi, damu yake ikipungua aulize kama tumbo linavuja damu, hasa ikiwa anameza vidonge vya maumivu ya viungo kila siku.

Na kama chumba kinazunguka kweli kweli unapojigeuza kitandani, kwa sekunde chache kisha kinatulia, hicho aghalabu ni cha sikio, hakina uhusiano na uzito. Kina tiba ya kugeuzwa kichwa na mtaalamu.

Nirudi kwenye kuinuka, kwa sababu hicho ndicho wanacho wengi.

Inuka kwa vituo. Alfajiri, ukiwa bado kitandani, kunja na kunjua vifundo vya miguu mara ishirini. Kaa ukingoni, teremsha miguu, kunywa bilauri ya maji uliyoiweka usiku, kaa dakika mbili. Ndipo usimame, na usianze kutembea mpaka uhesabu ishirini. Kutoka jamvini, piga goti moja kwanza, shika kitu, kaza misuli ya miguu na makalio, halafu panda. Usiinuke na mzigo mikononi: ungo mpe mwenzio, usimame, kisha akukabidhi. Kiza kikianza kuja, usipigane nacho kwa kutembea. Chutama au lala pale pale, miguu juu. Maji ya moto sana ya kuoga nayo hufungua mishipa, na joto la kaskazi lilivyo, maji ya uvuguvugu yanatosha.

Katika Sala, kile kikao kifupi cha kupumzika baada ya sijda ya pili, ambacho sisi Mashafii tumefunzwa ni sunna, nilikuwa nakiruka kwa haraka zangu. Sasa nakikaa. Zile wiki mbili mbaya nilisali nimekaa, na mgonjwa ana ruhusa hiyo.

Chakula nilikirudisha kwa mpango. Asubuhi viazi vitamu viwili vidogo vya kuchemsha na yai. Mchana wali kiasi cha ngumi yangu, samaki, mtoriro, kachumbari ya tungule. Jioni kunde. Chumvi imerudi chunguni kwa kiasi, maana kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na kwa mwenye presha kuzidisha ni hatari. Maji nayapima kwa mkojo: ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa kunywa. Dafu ni zuri, lakini lina potasiamu nyingi, kwa hivyo mwenye ugonjwa wa figo au anayemeza losatani, dawa ya presha, amuulize daktari kwanza. Sasa napungua nusu kilo kwa wiki. Nusu mpaka kilo moja ndio mwendo wanaoushauri, na mimi nilikuwa nimeupita.

Saumu za Jumatatu na Alkhamisi nilizisimamisha mpaka presha ya kusimama ilipotulia. Ramadhani ikikukuta na hali hii, nenda kwa daktari wiki kadhaa kabla, dozi na saa zake zipangwe upya. Daku uile mwisho wa wakati, na iwe chakula, isiwe chai na kaimati. Mwenye kisukari, sukari yake ikishuka chini ya 70, afungue, hata kama zimebaki dakika kumi kufika Magharibi. Mgonjwa amepewa siku nyengine za kulipa.

Baada ya wiki mbili nilipimwa tena: nimelala 124 kwa 78, nimesimama 118 kwa 76. Daftari bado ninalo. Mstari wa Alkhamisi iliyopita unasema: saa 3 usiku, jamvini, ungo nimempa wifi, nimeinuka kwa vituo, hakuna kitu.