Lebo ya sosi ya pilipili: ivalishe chupa kabla ya kuipitisha

Ukishapata mchoro wa lebo ya sosi yako ya pilipili, usiupitishe ukiwa bado kwenye skrini. Uprinti kwa ukubwa wake halisi, ukate kwa mkasi, uzungushie chupa kwa selotepu, kisha weka chupa rafuni na urudi nyuma hatua nne tano. Chupa ni duara: ikiwa mzingo wake ni sentimita 15, aliyesimama mbele yake anasoma vizuri kama sentimita 5 tu. Jina la chapa na kiwango cha ukali vikae hapo. Viambato, ujazo, tarehe ya mwisho wa matumizi na msimbopau vihamie ubavuni.

Rangi nayo ina mtego. Sosi nyekundu kwenye chupa angavu tayari ni rangi. Ukibandika lebo nyekundu, vinamezana. Jaribu krimu, nyeusi au kijani. Sriracha, sosi ya pilipili ya kampuni ya Huy Fong ya Marekani, inajulikana kwa jogoo wake mweupe na kifuniko cha kijani, hata kwa asiyesoma jina. (Na mafuvu na ndimi za moto, jamani, tumeshayaona ya kutosha.)

Usibanie pesa kwenye karatasi ya lebo. Sosi huchuruzika shingoni kila inapomiminwa, na karatasi ya kawaida hunyonya mafuta na siki ikachakaa upesi. Omba sampuli ya lebo ya plastiki yenye laminesheni (utando mwembamba wa kinga juu yake), ipake sosi, iache usiku kucha, uifute asubuhi. Wino ukihamia kwenye kitambaa, tafuta mchapaji mwingine.