Mtoto Anayeuma Wenzake: Mwalimu wa PP1 Afanyeje

Mtoto wa miaka 4 aliye PP1 (mwaka wa kwanza wa shule ya awali nchini Kenya) akimuuma mwenzake, watenganishe bila kupaza sauti, kisha umshughulikie kwanza aliyeumwa: mbembeleze, osha alama ya meno kwa sabuni na maji, na utazame kama ngozi imechubuka. Aliyeuma abaki karibu nawe wala asifukuzwe darasani. Mwambie maneno machache anayoyaweza: "Umemuumiza. Ukitaka kigari, sema, 'Nipe zamu yangu.'" Kisha alitamke neno hilo palepale. Kumhoji kwa nini amefanya hivyo hakusaidii, kwa kuwa mtoto wa umri huo mara nyingi hana jibu, na akilitoa huenda amelitunga ili umwachilie.

Kiboko hakimo katika mjadala huu. Nchini Kenya, kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha, iwe ya mwili au ya akili. Kwa hiyo mwalimu asiyechapa lakini anayemsimamisha mtoto mbele ya darasa ili azomewe asijidanganye kwamba yumo salama.

Kazi yenyewe hasa imo katika daftari. Kwa wiki moja, andika kila tukio: saa, mahali, aliyekuwa karibu, kilichotangulia na kilichofuata. Niliwahi kuwa na mvulana niliyekwisha kumwita mkorofi moyoni mwangu (na watoto huisoma hukumu hiyo usoni pa mwalimu), hadi daftari liliponionyesha kwamba aliuma mara nne, zote kwenye foleni ya uji, watoto wakisukumana nami nimeinamia sufuria. Mama yake alipokuja kumchukua nilimweleza kando, nikianza na jambo jema alilofanya mwanawe siku hiyo, naye akaniambia kwamba mtoto hutoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu tumboni. Tangu hapo nikaigawa foleni mara mbili, nikampa kazi ya kugawa vikombe, naye akanywa wa kwanza. Kuuma kulipungua, ingawa hakukukoma mara moja.

Usipoona mabadiliko baada ya majuma kadhaa, chunguza usikivu na usemi wake: mwite kwa sauti ya chini akiwa amekupa mgongo. Asipogeuka, zungumza na mzazi ili mtoto apelekwe hospitali kupimwa masikio.