Namna ya kufuatilia asili ya wimbo wa zamani: mfano wa "Malaika"

Ukiulizwa "Malaika" ni wimbo wa nani, tenganisha kwanza watu watatu: aliyeutunga, aliyeurekodi kwanza na aliyeuvumisha. Kwa kuwachanganya hao, wengi huapa kwamba ni wa Miriam Makeba. Makeba wa Afrika Kusini aliuvumisha. Umo kwenye albamu yake na mwimbaji Mmarekani Harry Belafonte ya mwaka 1965. Kabla ya hapo Mkenya Fadhili William alikwisha kuurekodi na bendi ya Jambo Boys, kisha akaurudia kwa Equator Sound, kampuni ya kurekodi ya Charles Worrod. Kwa hiyo usiandike "rekodi ya Fadhili" ukaishia hapo. Sema ni ipi.

Anza na santuri. Usipoipata, tafuta picha safi ya lebo, upande A na B. Jina lililokolezwa huwa la mwimbaji au bendi. Lile dogo, aghalabu kwenye mabano chini ya jina la wimbo, ni la anayetajwa kuwa mtunzi. Nakili namba ya toleo. Kisha inamisha santuri kwenye mwanga wa pembeni usome herufi na tarakimu zilizochongwa kwenye ukanda mtupu kati ya muziki na lebo. Hizo ndizo husaidia kujua kama nakala mbili zenye lebo tofauti zimetoka kwenye rekodi moja. Ukisafisha santuri, lebo isiguswe na maji: karatasi huvimba na maandishi hufifia. Mwaka ulio kwenye CD ya mkusanyiko usiuamini upesi, kwani mara nyingi ni wa kutolewa upya.

Sasa sikiliza waimbaji mbalimbali wa wimbo huo: Fadhili, Makeba, kundi la Boney M. (1981), Angélique Kidjo wa Benin (1991). Andika maneno unayoyasikia, si yale unayoyajua kichwani. Utakutana na "ningekuoa". Kwa Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Makeba anaimba "ningekuoa" vilevile. Kitenzi hicho kimebaki na sauti ya kijana wa kiume anayelia kwamba hana mali, hata wimbo ulipohamia kwa wanawake. Ni ushahidi mzuri sana, ila haukutajii huyo kijana ni nani.

Na hapo ndipo penye mgogoro. Fadhili, aliyefariki mwaka 2001, ndiye anayetajwa zaidi. Lakini wapo wanaosema mtunzi ni Adam Salim wa Tanzania, na wengine humtaja Mkenya Lucas Tututu. Usijifanye hakimu. Kwa kila dai andika nani anasema, alisema lini, na kama ni kabla au baada ya wimbo kuanza kuingiza fedha. Dai lililochelewa si lazima liwe la uongo. Linahitaji shahidi aliyeusikia wimbo mapema. Tumia "anatajwa" na "alidai", na "alitunga" uiweke kando mpaka upate ushahidi huo.

Ukimpata mzee aliyepiga muziki enzi hizo, mpigie santuri ya wimbo huo aisikilize kwanza, hadi mwisho, bila kumkatiza. Swali la kwanza liwe "nani yuko kwenye gitaa?", maana "wimbo ni wa nani?" humwingiza kwenye ubishi kabla kumbukumbu haijafunguka. Mwaka usimuulize. Muulize kama ilikuwa kabla ya Uhuru au baada yake, kisha pima jibu kwa tarehe ya Uhuru wa Kenya, 12 Desemba 1963.